Kuchora Molekuli kwa Kompyuta: Picha au Taarifa?

Mchoro wa kemia huacha mengi bila kuyasema. Pete yenye pembe sita, mistari michache ya kupindapinda, herufi O hapa na N pale, basi. Kaboni haziandikwi: kila mistari miwili inapokutana pana atomu ya kaboni, na hidrojeni zake msomaji azihesabu mwenyewe, kwa kuwa anajua kaboni hushika vifungo vinne. Lugha hii ilianza kujengwa mwaka 1858, Archibald Couper na August Kekulé walipoonyesha, kila mmoja kivyake, kwamba kaboni hushikana na kaboni nyingine na kuunda minyororo. Mwaka 1874 Jacobus van 't Hoff na Joseph Le Bel wakaongeza kwamba vifungo vile vinne havilali bapa, vinatawanyika pande zote. Kwa miongo mingi baada ya hapo waliosoma michoro hiyo walikuwa binadamu tu, na binadamu husamehe. Mstari ukikaa kombo, herufi ikisogea kidogo, mwenzako anaelewa ulichokusudia.

Kompyuta haina huruma hiyo. Na siku hizi molekuli iliyochorwa leo inaweza kupita kwenye hifadhidata, kwenye mtambo wa kutafuta na kwenye programu ya kutabiri sumu kabla mkemia wa pili hajaitupia jicho. Ndiyo maana naona mjadala unaovuma vyuoni, wa programu ipi inatoa picha nzuri zaidi, umeshika mkia na kuacha kichwa. Swali lenye uzito ni hili: picha ikishabandikwa kwenye tasnifu, limebaki faili gani, na nani ataweza kulisoma?

Mkanganyiko huu una chimbuko lake. Kompyuta iliingia kwenye uchoraji wa molekuli kwa milango miwili, na waliopita mlango mmoja hawakutafuta kile walichotafuta wenzao.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa Harvard na E. J. Corey akiwa na Todd Wipke, ambao mwaka 1969 walieleza kazi yao katika jarida la Science. Mkemia alichora molekuli kwa kalamu juu ya kibao cha umeme, mchoro ukatokea kwenye skrini, kisha mashine ikapendekeza namna ya kuisanisi kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka molekuli ngumu hadi malighafi za kawaida. Hapo mchoro ulikuwa swali linaloulizwa mashine. Uzuri wake haukumhusu mtu. Mwaka 1990 Corey alipewa Tuzo ya Nobel kwa nadharia hiyo ya usanisi.

Mlango wa pili ulifunguliwa Harvard hukohuko, lakini kwa sababu ya uchovu wa mikono. Kabla ya miaka ya 1980 makala ya kemia yalichorwa kwa vibao vya plastiki vyenye matundu ya pete, kalamu za wino na karatasi za Letraset, ambazo herufi zake zilihamishwa moja moja kwa kusuguliwa. Mhariri akidai mabadiliko, ukurasa mzima ulirudiwa. Macintosh ilipoingia sokoni mwaka 1984 ikiwa na kipanya na skrini inayoonyesha ukurasa kama utakavyochapwa, Profesa David Evans, mkewe Sally Evans na mwanafunzi aitwaye Stewart Rubenstein waliona pa kutokea. Mwaka uliofuata ikazaliwa ChemDraw. Lengo lake lilikuwa picha safi ya kupeleka kwa mchapishaji, na ililifikia barabara, kiasi kwamba mpaka leo majarida ya Chama cha Kemia cha Marekani yanataka michoro yenye vipimo ambavyo programu hiyo inavyo tayari: kifungo kiwe na urefu wa sentimita 0.508, herufi ziwe Arial za ukubwa wa 10.

Soko likafuata mlango wa pili. Vizazi vya wanafunzi vimejifunza kwamba kuchora molekuli ni kazi ya kupamba ukurasa, ndugu yake kupanga jedwali au kuweka namba za kurasa. Wale wa mlango wa kwanza waliendelea kimyakimya na kazi yao, na waliyoyajenga ndiyo yanayobeba kemia ya kompyuta yote tuliyo nayo.

Tuanze na faili lenyewe. Mwaka 1978 Wipke, yule wa kibao cha umeme, alishiriki kuanzisha kampuni ya MDL, na humo ndimo ulimotoka mfumo wa faili uitwao MOL. Ukilifungua faili la MOL kwa programu yoyote ya maandishi unakuta orodha mbili. Ya kwanza inataja atomu: kila mstari una namba tatu za mahali atomu ilipo, kisha alama yake, C au O au N. Ya pili inataja vifungo: atomu namba 1 imeshikana na namba 2 kwa kifungo kimoja, namba 2 na namba 3 kwa kifungo maradufu, na kuendelea. Hakuna rangi wala unene wa mistari. Hesabu ya atomu imepewa nafasi ya tarakimu tatu tu, kwa hiyo toleo la kawaida linaishia atomu 999, jambo lisilomsumbua mtu mpaka akutane na protini. Kwa kuwa ni maandishi matupu, faili la MOL la zamani bado linafunguka leo bila kumwomba mtu leseni.

Njia ya pili ni ya kuandika molekuli kama neno. David Weininger aliibuni miaka ya 1980 alipokuwa katika maabara ya shirika la mazingira la Marekani huko Duluth, Minnesota, akaichapisha mwaka 1988 kwa jina la SMILES. Kanuni zake mtu anazishika katika mchana mmoja. Ethanoli ni CCO. Dimethili etha, gesi yenye fomula ileile C2H6O, ni COC. Kuhamisha herufi moja kumekutoa kwenye kilevi na kukupeleka kwenye gesi ya kusukumia dawa za kupuliza.

Mfano wenye uzito zaidi uko kwenye karafuu za Unguja na Pemba. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, C10H12O2, ile harufu ya chumba cha daktari wa meno, kwa sababu madaktari huichanganya na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Kuichora ni kazi ya chini ya dakika. Weka pete ya benzeni. Kwenye kona moja tundika OH. Kwenye kona ya jirani tundika oksijeni yenye kaboni moja mbele yake. Kwenye kona inayotazamana na ile OH, vuta mkia wa kaboni tatu, kisha bofya kifungo cha mwisho kiwe maradufu. Programu ikiulizwa itakuandikia COc1cc(CC=C)ccc1O, ambapo c ndogo ni kaboni za pete na namba 1 inaonyesha pete inapofungwa.

Sasa kipanya kiteleze, kifungo maradufu kikae karibu na pete badala ya mwisho wa mkia. Mstari unakuwa COc1cc(C=CC)ccc1O. Herufi ni zilezile, alama ya = imerudi nyuma nafasi moja, na molekuli imekuwa isoyujenoli, ambayo inajulikana kwa kuwasha ngozi za watu wenye mzio kiasi kwamba sheria za vipodozi za Ulaya zinaiwekea mipaka. Viwanda vya mwishoni mwa karne ya 19 vilifanya badiliko hilo kwa makusudi: walichemsha yujenoli na alkali ipate kugeuka isoyujenoli, kisha wakaioksidisha kupata vanilini, ladha ya vanila. Mwanafunzi anayelifanya kwa bahati mbaya hapati onyo lolote. Fomula ambayo programu inamkokotolea ni ileile. Uzito wa molekuli ni uleule, 164.2. Vifungo vinne vya kila kaboni vimetimia, hakuna kinachowekewa rangi nyekundu. Picha ni safi na inapendeza.

Kinachomwokoa ni kuamuru programu iutaje mchoro kwa jina. Yujenoli itaitwa 2-methoksi-4-(prop-2-enili)fenoli, na ile nyingine itakuja na prop-1-enili. Tofauti ya 2 na 1 inaonekana mara moja kwa anayejua anatafuta nini. Programu nyingi kubwa zina kitufe hicho cha kutoa jina, na wengi hawakigusi kwa kudhani ni cha wavivu wasiojua kanuni za majina za IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia. Mimi naona kazi yake halisi ni ukaguzi: mashine inakusomea kwa sauti kile ulichokichora, na kama hakifanani na ulichokuwa nacho kichwani, mwenye kosa ni mchoro.

Makosa mengine hayaonekani hata kwa jicho kali. La kawaida kuliko yote ni kuandika OH kwa zana ya maandishi, ile ya kuandikia vichwa vya michoro, na kuisogeza mpaka ncha ya mstari. Kwenye karatasi hakuna atakayeona tofauti. Ndani ya faili, mstari unaishia kwenye kaboni, na pembeni yake yanaelea maneno yasiyo na uhusiano na molekuli. Linalofuata ni mistari inayogusana bila kuunganishwa: jicho linaona pete, mashine inaona mnyororo uliojikunja na ncha mbili zinazopumzika juu ya nafasi moja. Kisha kuna duara ndani ya pete ya benzeni, desturi nzuri ya ubaoni. Ukiichora kwa zana ya duara, umeondoa vifungo maradufu vitatu na badala yake umeweka pambo. Programu itahesabu hidrojeni kumi na mbili pale palipopaswa kuwa na sita, na benzeni yako imekuwa sikloheksani.

Dawa ya makosa haya ni kuzoea kuchora kwa kibodi. Katika ChemDraw na Ketcher, programu nyingine ya kuchorea, ukiweka kipanya juu ya atomu na kubonyeza o, inakuwa oksijeni. N, inakuwa nitrojeni. Ukikiweka juu ya kifungo na kubonyeza 2, kinakuwa maradufu. Ni haraka kuliko kuhangaika na menyu, na kila unachokiweka kinaingia kwenye orodha ya atomu, hakielei.

Tatizo gumu kweli ni la upande wa tatu. Molekuli nyingi za viumbe hai huwa za namna mbili zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto: zinafanana sehemu zote, lakini hazilaliani. Kwenye karatasi mkemia huonyesha upande kwa kabari: kabari nyeusi maana yake kifungo kinamjia msomaji, kabari ya vipande vipande maana yake kinaenda nyuma ya karatasi. Ncha nyembamba lazima ianzie kwenye atomu inayozungumziwa. Ukiigeuza, programu nyingi zitadhani unaizungumzia atomu ya upande wa pili. Hapa kila kitabu hupenda kutoa mfano wa thalidomaidi, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya kuanzia mwaka 1961 baada ya kuharibu maelfu ya watoto tumboni, na kusema kwamba mkono mmoja ulikuwa tiba na mwingine sumu. Mfano huo umechakaa na haukai vizuri, kwa sababu mwilini mikono hiyo miwili hugeukiana. Kumeza mmoja ni kumeza yote.

Mfano ulio bora uko kwenye kabati za dawa za Afrika Mashariki. Dawa mseto ya malaria ina artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, molekuli ambayo Tu Youyou na wenzake waliitoa kwenye mmea wa Artemisia annua nchini China, naye akapata Nobel mwaka 2015. Artemisinini ni C15H22O5, ina atomu saba za kaboni zenye upande, na katikati yake limekatiza daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Daraja hilo ndilo linaloua vimelea, likivunjwa na chuma kinachotoka kwenye damu waliyoimeng'enya. Kulilaza bapa kwenye karatasi ni kama kujaribu kukanyaga kikapu bila kukiharibu. Kitabu kimoja kinalipitisha juu, kingine ubavuni, cha tatu kinaigeuza molekuli nzima. Ukiweka picha tatu mezani, hata mkemia mzoefu atachukua muda kuapa kwamba ni kitu kimoja.

Hapo ndipo umuhimu wa InChI unapoonekana. IUPAC ilianza kuushughulikia mfumo huu mwaka 2000, ikisaidiwa na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, na toleo la kwanza likatoka 2005. Programu huichambua molekuli, huzipa atomu namba kwa kanuni isiyojali mchoraji alianzia wapi, kisha hutoa ufunguo wa herufi na vistari 27 kwa jumla. Wa artemisinini ni BLUAFEHZUWYNDE-NNWCWBAJSA-N. Herufi 14 za mwanzo zimetokana na mifupa ya molekuli, nani ameshikana na nani. Fungu la pili limebeba pande. Mchoraji akikosea kabari moja, fungu la kwanza linabaki vilevile na la pili linabadilika. Akisahau kabari zote, la pili linakuwa UHFFFAOYSA, herufi zilezile zilizomo kwenye ufunguo wa aspirini au wa ethanoli, molekuli zisizo na upande wowote. Kwa hiyo msimamizi wa tasnifu anaweza kujua kama artemisinini ya mwanafunzi wake imechorwa bila pande pasipo hata kuutazama mchoro. Sijui ukaguzi mwingine wa bei rahisi kiasi hicho.

Nimechelewesha suala la programu ipi itumike kwa sababu ukishajua unachotaka kubaki nacho, uchaguzi unakuwa mwepesi. ChemDraw bado ndiyo kipimo cha uzuri, lakini leseni yake ni ya kulipia na imepita mikono kadhaa: CambridgeSoft iliuzwa kwa PerkinElmer mwaka 2011, na sasa ni mali ya Revvity. Mwanafunzi anayeitumia kwa nakala ya wizi, na wapo tele, anajifungia kwenye mafaili ya CDX ambayo siku akikosa programu atabaki akiyatazama tu. ChemSketch ya kampuni ya ACD/Labs ya Toronto hutolewa bure kwa masomo, ila ni ya Windows. Marvin ya ChemAxon ya Budapest ni imara. Kwa maoni yangu, chuo kisicho na bajeti ya leseni kianze na Ketcher, ambayo ni programu huria na huendeshwa ndani ya kivinjari, au na ubao wa kuchorea wa PubChem, hifadhidata ya serikali ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 2004 na sasa ina molekuli zaidi ya milioni 100. Unachora, unabofya, inakuonyesha kama kuna aliyekutangulia. Wenye simu tu wana KingDraw. Skrini ni ndogo na kidole ni kinene, lakini inatoa SMILES sawasawa.

Uzuri wa picha hautofautiani sana tena kati ya programu hizi. Kinachotofautiana ni urahisi wa kutoka. Jaribio langu ni moja: chora yujenoli, itoe kama MOL, ifungue kwenye programu nyingine. Ikirudi nzima, endelea.

Mifumo hii ina mipaka yake, na isifichwe. SMILES na MOL zilijengwa kwa dhana kwamba kila kifungo kina atomu mbili. Ferosini, ambayo chuma kimekaa katikati ya pete mbili na kushikwa na kaboni zote kumi, inachorwa kwa namna tofauti katika kila hifadhidata. Plastiki, ambazo urefu wa mnyororo wake haujulikani, ni taabu. Mafuta ya karafuu yenyewe, kama mchanganyiko, hayana mstari wa SMILES. Yujenoli pekee ndiyo inao.

Hasara kubwa zaidi ni ya yale yaliyokwisha kuchorwa. Kanda hii ina utajiri wa kemia ya mimea. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walitambua warburganali, inayowafanya viwavijeshi wakatae kula, kutoka kwenye mti ambao Wakikuyu huuita muthiga. Kazi za namna hiyo ziliendelea Nairobi, Dar es Salaam, Addis Ababa na Kampala, nyingi zikiishia kwenye tasnifu zilizo rafuni. Kikundi cha watafiti akiwemo Mkameruni Fidele Ntie-Kang, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Halle cha Ujerumani, kilikusanya hifadhidata ya molekuli asilia za Afrika Mashariki na kuieleza mwaka 2020: zaidi ya molekuli 1,800. Molekuli ya aina hii ikiwa imeandikwa kama picha tu, lazima mtu aichore upya kutoka ukurasani.

Kuna mashine zinazojaribu kazi hiyo. OSRA, iliyotoka katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, husoma picha na kuandika SMILES. DECIMER, kutoka Jena, hufanya vilevile kwa mitandao ya neva. Zinasaidia, lakini picha iliyopigwa kutoka kwenye nakala iliyofifia huwa na mistari inayokatika, na kabari ya vipande vipande iliyopoteza vipande viwili inasomwa kama kifungo cha kawaida. Tunalipia kugeuza taarifa kuwa picha, kisha tunalipia kuigeuza picha kurudi ilikotoka.

Idara za kemia zingeweza kulimaliza hili kwa kanuni ya mistari miwili: kila molekuli mpya kwenye tasnifu iambatane na faili la MOL, na chini ya mchoro uchapwe ufunguo wa InChI. Hakuna gharama, na mtahini angepata cha kukagua. Wapo watakaosema ni mzigo mwingine juu ya mwanafunzi aliyekwisha lemewa. Lakini ni yeye tu, wiki ile anayochora, akiwa bado na spektra za NMR, vipimo vya muundo wa molekuli, mezani, anayejua kwa hakika kama kabari ya kaboni ya tisa inatoka mbele au inaingia nyuma. Mtu wa Halle atakayeichora upya miaka kumi baadaye atakuwa anakisia.